Kipuri Mfukoni

Nimeshuka alfajiri ya mwezi wa saba
na koti la kuazima kwa shemeji Mbaruku,
na bado baridi imenifikia menoni.
Tanga neno hilo tunalo, baridi,
ila ya kwetu huondoka saa mbili
kama mgeni anayejua adabu.

Mfukoni: kijumba cha bobini, kimevunjika ulimi,
cha cherehani ya mke wangu, nyeusi, ya urithi.
"Usiulize njia," aliniasa, "watakujua mgeni."
Nimeuliza njia kwa kila mwenye masikio.

Wateja wa msafisha viatu wamekaa juu kama mahakimu,
magazeti usoni,
lakini yeye aliye chini ndiye atoaye hukumu:
"Shuka hivi. Ukiona watu wengi, bado.
Ukiona watu wengi zaidi, uliza tena."

Nikashuka.
Barabara ya Luthuli inauza sauti tu,
spika zimepangwa mlangoni hadi kiunoni,
kila duka linamkatiza mwenzake maneno,
na katikati ya vita hivyo mama mmoja
ananyonyesha, macho kayafumba,
kana kwamba yuko peke yake duniani.

Juu ya migunga ya mzunguko
korongo wakubwa, vipara, mabega yamepanda,
makarani waliostaafu
wakingoja kiinua mgongo.
Nilisimama kuwatazama. Hakuna mwingine aliyesimama.
Hapa anayesimama analipia.

Nikasema: parachichi.
Akasema: ovakado.
Tukaelewana kwa kidole na chumvi.

Kiswahili chao, nikiri,
nilidhani kimevunjika.
Kimepindwa, kama waya wa kufungia mizigo,
na asubuhi nzima nimekiona kikibeba:
magunia, deni, tusi, posa,
kijana anamtongoza muuza miwa kwa maneno manane,
saba siyajui,
na binti amecheka kwa yote manane.

Karibu na Ngara nilikwama ukingoni mwa lami.
Upande wa pili ulikuwa ng'ambo ya bahari.
Kijana akaja, kofia nyuma mbele:
"Buda, niaje?"
Mvi zangu zikangoja shikamoo
kama mtu angojavyo chenji.
Haikuja.
Akanishika mkono, hapa, kwenye kifundo,
akanipitisha kati ya pikipiki mbili na mkokoteni wa viazi,
akaniachia ng'ambo, akazama ndani ya watu
kabla sijauona uso wake.
Kwetu tunasema tumeshika miguu, na hatuishiki.
Huyu hakusema.

Nyuma ya Mtaa wa Kirinyaga
fundi Kemunto, miwani imefungwa kwa uzi,
aligeuza kipuri changu kwenye mwanga:
"Hii haipatikani tena."
Moyo wangu ulianza safari ya kurudi.
"Nimesema haipatikani. Sijasema haitengenezeki."
Akachukua tupa. Akachukua kipande cha msumeno wa zamani.
Manyunyu yakaanza kupiga bati,
mtu akanisogezea ndoo nikae,
mwingine chai, ambayo sikuagiza na sikulipia,
na chuma kikalia kidogo kidogo
kama mtoto anayekaribia kusinzia.

Saa tisa nilikuwa nacho, kizima, bado kina joto la mkono wake.
Basi la jioni lilikuwa saa kumi na mbili.

Simu ikalia.
"Umekipata?"
Mbele yangu mtaa ambao sijauona
ulikuwa unapanda kilima, mvua imeung'arisha,
mtu anachoma mahindi chini ya mwavuli wenye mbavu tatu,
na mahali fulani, sioni wapi,
watu wengi zaidi.
Nikakifunika kipuri kwa kiganja, kisisikie.

"Bado," nikamwambia. "Labda kesho."